Kuyakanda Macho ya Bibi

Utotoni mwangu, katika kijiji chetu kilicho njia ya kwenda Kitaya, hapakuwa na mtoto asiyejua kwamba mchawi hatoi machozi. Tulilijua hilo kabla ya kujua kusoma. Tuliambiwa kwamba siku mtu anapoingizwa uchawini hudaiwa kiingilio, na kiingilio chenyewe ni machozi yake. Akishayatoa, basi, hata umchape, hata afiwe na mtoto, macho yake yatabaki makavu mpaka anaingia kaburini. Sisi watoto tulikuwa tukipimana kwa kitunguu. Mmoja anakikata, mwingine anasogeza uso, na yule ambaye machozi yalichelewa kumtoka alikimbiwa mpaka jioni. Mimi nilikuwa mwepesi wa kulia, sikuwahi kukimbiwa hata mara moja, na jambo hilo nililijivunia kuliko kitu chochote nilichofanya shuleni.

Nilikuwa nikiishi na Babu na Bibi, wazazi wa mama yangu. Mama alifanya kazi Mtwara mjini na tulimwona sikukuu. Babu alikuwa mtu wa mizaha. Mimi aliniita mke wake mdogo, Bibi akaniita mke mwenzake, na ukinikuta nimenuna uani ujue tumegombana na Bibi juu ya mume. Bibi alitoka ng'ambo, upande wa Msumbiji. Alivuka Ruvuma akiwa msichana, wakati wa vita, na ndugu zake waliobaki huko sikuwahi kuwaona. Alikuwa ameolewa kijijini kwetu miaka mingi, amezaa, amelima mihogo, ameuguza na kuzika watu wa pale pale, lakini wenyeji wakitaka kumtaja bado walisema "yule mke wa ng'ambo".

Sifa yake kubwa ilikuwa korosho. Msimu ukifika alikuwa akizichoma uani juu ya bati pana lililokalishwa kwenye mafiga, na asiyewahi kuona kazi hiyo hawezi kujua ule moshi ulivyo. Ganda la korosho lina mafuta meusi yanayounguza ngozi, na yakishika moto moshi wake unawasha koo, pua na macho. Wanawake wengine walikuwa wakikoroga mara moja na kukimbia pembeni. Bibi alikuwa hakimbii. Alisimama pale pale na mti wake mrefu, amejifunga khanga mdomoni, anazigeuza mpaka ziive sawa, na korosho zake hazikuwa na doa. Watu walizisifu korosho, na mimi nilimsifu yeye. Macho yake ndiyo yaliyolipia. Asubuhi kope zilikuwa zimegandana, mchana zilikuwa nyekundu kwenye kingo, na mara nyingi alilalamika kwamba anahisi kama ametiwa mchanga. Tulizoea. Tulidhani ni uzee.

Babu alishikwa na homa, akapelekwa hospitali, akarudishwa akiwa maiti. Sitasema mengi juu ya siku ile. Nililia mpaka sauti ikakauka, mama naye alilia, na dada yake Babu, Bi Somoe, alilia mpaka akabebwa na wanawake wenzake. Bibi alikaa juu ya mkeka ameegemea ukuta. Mabega yalimtetemeka, mdomo ulikuwa wazi, na sauti iliyomtoka sijawahi kuisikia tena kwa mtu yeyote. Lakini macho yake yalikuwa makavu. Aliyafumba, akayafumbua, akayafumba tena kwa nguvu, na hakuna kilichotoka. Niliona wanawake wawili wakitazamana juu ya kichwa chake, na japokuwa nilikuwa mdogo, nilielewa walichokuwa wakiambiana.

Kwetu msiba hauendi bila watani. Mtani wetu mmoja, Myao, mwanamke mnene mwenye vituko, alijitanda khanga, akaketi vilevile alivyoketi Bibi, akalamba kidole na kujipaka mate chini ya macho. "Jamani ngojeni," akasema, "yanakuja, yanakuja, yamekwama njiani." Watu walicheka, kwa sababu mtani ana haki yake na msiba bila kicheko haubebeki. Bibi mwenyewe alitabasamu. Lakini mzaha ule ulikuwa umesema kwa sauti kile ambacho wengine walikuwa wakinong'ona, na tangu saa hiyo hakuna aliyeona haya kukitamka.

Kabla ya wiki kwisha maneno yalikuwa yamefika kwa Saidi. Huyu alikuwa mtoto mkubwa wa Bi Somoe, kwa maana hiyo mpwa wa Babu, na kwetu sisi tunaofuata upande wa mama, mpwa ana sauti kubwa katika mambo ya marehemu mjomba wake. Saidi hakuwa mtu mbaya. Alikuwa mtu wa kusikiliza watu, na watu walikuwa wakisema. Akatangaza kwamba siku ya arobaini, baada ya hitma, ukoo utakaa na kulizungumza jambo la mke wa mjomba. Kila mtu alijua maana yake. Bibi angetakiwa aondoke katika nyumba ile, na kama angebisha, angeletwa mganga mbele ya kijiji kizima kumpima. Aliyewahi kupimwa hivyo, hata akionekana safi, hasalimiwi tena kwa moyo mmoja.

Bibi alikuwa katika eda, hatoki, amevaa nguo zake nyeupe, anashinda chumbani na uani. Bi Somoe, kama ilivyo desturi, alikuja kumsaidia wifi yake. Alikuwa mwanamke mrefu, mkavu, mwenye maneno machache, Mmakonde wa sawasawa: mtu kwake ni ntu na mjukuu ni njukuu. Nilimwogopa. Nilidhani amekuja kumchunguza Bibi kwa niaba ya mwanawe.

Siku moja asubuhi alimkuta Bibi anahangaika kufungua kope kwa kidole. Akainama kumtazama, akauliza, "Yanauma, wifi?"

"Yananiuma, wifi yangu. Kama mchanga."

"Marehemu mama alikuwa akitukanda kwa maji ya moto, msimu wa korosho ukiisha. Nikukande?"

Bibi alikubali. Bi Somoe alibandika maji, akachukua kitambaa kilichokuwa kikining'inia mlangoni mwa jiko, kimefuliwa, kimekauka, kimekunjwa vizuri, akakichovya, akakikamua na kumwekea Bibi juu ya macho. Haikupita muda Bibi akapiga kelele na kukitupa. Kesho yake kope zilikuwa zimevimba na ngozi chini ya macho inabanduka. Wageni waliokuja kutoa pole walimwona hivyo, wakashika midomo. Habari iliyotoka nje ya ua wetu ilikuwa hii: wamejaribu kumfungua machozi, na dawa imemkataa.

Mwingine yeyote angekusanya vitu vyake na kurudi kwake. Bi Somoe aliketi kizingitini na kuitazama mikono yake. Ncha za vidole zilikuwa zimeanza kuwa nyeusi na kuchubuka, kama zinavyokuwa za kila mbanguaji, na sisi tangu msiba hatukuwa tumebangua hata korosho moja. Akanyanyuka, akakifuata kile kitambaa, akakinusa. Kilikuwa kitambaa cha kushikia bati. Msimu mzima tulikuwa tumefutia mikono humo, na yale mafuta ya ganda hayatoki kwa maji na sabuni. Yalikuwa yamejificha ndani ya nyuzi, na maji ya moto yakayaamsha. Kosa kama hilo linaweza kutokea tu katika nyumba ambayo kila kitu kimeguswa na korosho.

"Nimekuunguza, wifi," alisema. "Nisamehe. Ni kitambaa, si wewe."

Akakitumbukiza chooni. Kisha akaacha siku zipite hadi ngozi ipone, akimwosha Bibi kwa maji safi ya kawaida tu, na alipoona uso umetulia, alichukua khanga yake mwenyewe, mpya, ambayo haikuwahi kuingia jikoni, akaichana pindo. Nilisikia ile khanga ikichanika na nikashangaa, maana Bi Somoe hakuwa mtu wa kuchezea nguo. Pindo lile alilichemsha katika sufuria ndogo ya uji, akalianika peke yake, na akaniambia nikiligusa atanikata mkono.

Tangu hapo, kila asubuhi na kila alasiri, nilikuwa nikiitazama kazi ile. Kwanza alinawa mikono kwa sabuni mpaka viwiko. Alipima maji kwa upande wa ndani wa mkono, na yakimshtua hata kidogo aliongeza ya baridi. "Yawe kama ya kumwogeshea ntoto," alikuwa akisema. Bibi alijilaza na kufumba macho, Bi Somoe akamwekea kitambaa, akakiacha. Kikianza kupoa alikichovya tena. Walikaa hivyo kwa muda wa kutosha mimi kumenya sufuria ya ming'oko, vile viazi vya porini, na kuanza kuchoka. Baadaye alipitisha kidole taratibu juu ya kope, ya juu akiishusha, ya chini akiipandisha, bila kukandamiza jicho, na kwenye kingo zilipoota nywele kulikuwa kukitokea vitu vyeupe vizito, kama samli iliyoganda. Alivifuta, akasuuza kitambaa, akakianika juani. Hakumtia kitu ndani ya jicho, si majani, si maziwa, si asali, ingawa wageni walileta ushauri wa kila namna.

Bibi alianza kupata nafuu. Asubuhi kope hazikugandana tena. Alisema mchanga umepungua, na aliweza kuutazama mlango ulio wazi bila kukunja uso. Lakini machozi hayakuja, na arobaini ilikuwa inakaribia. Niliwaza kwamba tutahamishwa, kwamba nitampoteza Bibi kama nilivyompoteza Babu, na wivu ulinishika kwa kila mtu aliyeweza kulia, hata kwa watoto wachanga. Siku moja nilikata kitunguu nikampelekea. Alikitazama, akanitazama, akacheka. "Mke mwenzangu," akasema, "kaniwekee kwenye mchuzi."

Ilikuwa alasiri, wamemaliza kukanda, Bibi bado amejilaza na kitambaa kiko mkononi mwa Bi Somoe, aliposikika mwanamke akipiga hodi uani. Alikuwa muuza samaki wakavu kutoka Msimbati, ambaye alipita kwetu kila baada ya muda mrefu na ungo wake kichwani. Yeye na Babu walikuwa na utani wao. Babu alimwahidi ndoa kila alipokuja, naye alimpunja Babu samaki akidai ni mahari. Hakuwa amesikia chochote. Aliweka ungo chini, akajifuta jasho, akaita kwa sauti yake kubwa, "Yuko wapi mchumba wangu? Leo kalala mpaka saa hizi?"

Bibi ndiye aliyejibu, taratibu, bila kuinuka.

"Mchumba wako tumemzika, mwanangu. Alikungoja sana."

Na hapo yakatoka. Yalianzia kwenye kona za macho, yakatiririka kuelekea masikioni, yakamwingia Bi Somoe mkononi, kwa sababu mkono wake ulikuwa bado shavuni mwa Bibi. Muuza samaki alijishika kichwa na kuanza kulia naye. Mimi nilikuwa nimesimama na kisu cha kumenyea, nimeduwaa kwa furaha, na najua ni ajabu kusema furaha, lakini ndiyo iliyonishika.

Bi Somoe aliruka. "Ngoja! Ngoja nimwite nke wa Saidi! Nimwite jirani! Waje waone!"

Bibi alimshika mkono. Sikuwahi kumwona akimshika mtu kwa nguvu kiasi kile.

"Usimwite mtu, wifi."

"Wifi, watakutoa humu ndani!"

"Wanitoe. Haya ni ya mume wangu. Sikuyatoa ili watu waje kuyatazama."

Akajivuta khanga usoni, akageukia ukuta, akalia mpaka aliposhiba. Nilikasirika. Nilitamani kutoka mbio nikapige kelele njia nzima. Leo, kila nikilikumbuka neno lile, natamani ningekuwa na nusu ya moyo wake.

Siku ya arobaini ilifika. Hitma ilisomwa, ubwabwa ukaliwa, wanaume wakabaki uani juu ya mikeka na wanawake barazani. Bibi alikuwa chumbani, nyuma ya pazia, macho yake makavu kama siku zote, maana machozi hayaji kwa kuitwa. Saidi alizungumza kwa adabu sana. Alisema wao hawamtuhumu mtu, ila watu wanasema, na maneno yakiachwa yanaharibu ukoo. Alisema ingekuwa vizuri eda ikiisha mke wa mjomba akapumzike kwa binti yake mjini, na kama ataona ameonewa, basi aitwe mganga jambo liishe. Wazee wakaitikia kwa vichwa.

Bi Somoe alitokea mlangoni. Mwanamke kusimama mbele ya kikao kile halikuwa jambo la kawaida, lakini dada wa marehemu hazuiwi.

"Saidi," alisema, "mimi ndiye niliyekuzaa, na huyo mliyemzika tumetoka tumbo moja. Mmeniona nilivyolia hapa. Basi kama kuna ntu wa kudai machozi ya kaka yangu, ni mimi. Na mimi nasema nimeshayapata. Yamenilowesha mkono huu."

Mzee mmoja akauliza, "Mbona sisi hatukuyaona?"

"Kwani mlikuwa mkimkanda nyie?"

Yule mtani wetu ndiye aliyeanza kucheka, na kicheko kikavuka kutoka barazani mpaka uani. Shehe aliyeongoza hitma alikohoa, akasema hajasoma popote kwamba mjane hupimwa kwa machozi, akainua mikono kwa fatiha. Saidi alimtazama mama yake, akainua mikono naye. Jambo likaisha. Bibi alibaki katika nyumba ile, akaendelea kukandwa na wifi yake kila msimu wa korosho ulipomtesa macho, na akafia humo humo, akiwa mtu mzima sana, miaka mingi baadaye.

Sasa mimi naishi Mtwara mjini. Nina duka la kuchapa na kutoa nakala, nashinda mbele ya kompyuta, na jioni naishia kwenye simu. Mwaka jana macho yalianza kunichoma. Asubuhi kope zilikuwa nzito, mchana nilikuwa nikiona ukungu mpaka nipepese. Nilikwenda zahanati. Muuguzi, binti mwenye subira, alinieleza kwamba kwenye kingo za kope kuna vitezi vidogo vya mafuta, na mafuta hayo ndiyo yanayozuia machozi yasikauke upesi. Vikiziba, jicho linabaki kavu. Akanishauri nipunguze kukodolea kioo, nikande kwa kitambaa safi cha uvuguvugu asubuhi na jioni, nikipitisha kidole taratibu kwenye kope, na nirudi kama maumivu yatazidi au nikianza kuona vibaya. Nilicheka mpaka akaniuliza kulikoni. Nilimwambia namkumbuka bibi yangu.

Bi Somoe bado yu hai. Anaishi Nanyamba kwa mmoja wa wajukuu zake, amekonda, masikio yake yanasikia anachotaka. Nilipanga safari nimpelekee habari hiyo kwa sababu niliona ni haki yake. Miaka yote nilikuwa nikimhesabu kuwa mwanamke pekee kijijini ambaye hakuuamini upuuzi ule, na nilitaka ajue kwamba hata zahanati iko upande wake. Nilimweleza juu ya vitezi na mafuta. Alinisikiliza huku akichambua mbaazi.

"Kumbe mafuta tu?"

"Mafuta tu, bibi."

Alitupa pembeni mbaazi mbovu. Halafu akasema, "Mimi nilijua ni nchawi."

Nilidhani sikusikia vizuri. "Siku zote zile?"

"Siku zote. Nilikuwa nikimgusa huku nasoma Ayatul Kursiyu moyoni. Nikitoka pale naoga kwanza ndio nishike ntoto. Mpaka siku ile alipokuja ntu wa samaki."

"Sasa, bibi, kama uliamini hivyo, ulimkanda kwa nini?"

Aliacha mbaazi, akanitazama kama anavyotazamwa mtoto aliyeuliza jambo ambalo kila mtu analijua.

"Si yalikuwa yanamuuma? Nchawi naye macho yakimuuma, yanamuuma."

Akarudi kwenye mbaazi zake. Njia nzima ya kurudi mjini nilikuwa na maneno hayo. Nilikuwa nimempenda miaka yote nikidhani hakuwa na hofu, kumbe alikuwa na hofu kuliko wote, kwa sababu wengine walikuwa wakimwogopa Bibi wakiwa mbali na yeye alimwogopa akiwa amemshika uso. Nimempenda zaidi tangu siku hiyo, na namwonea haya kidogo, maana mimi katika maisha yangu yote sijawahi kumgusa mtu ninayemwogopa.